Mlango Nilioutia Gundi

Atupele,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimejifungia karakanani. Nimesukuma lile benchi dogo nyuma ya mlango. Mteja akija agonge mpaka achoke. Leo sishiki msasa wala vanishi. Nimeshika kalamu yako ya bluu.

Mwandiko wangu unaujua. Herufi zimesimama moja moja kama mabanzi yaliyoanikwa, hazishikani mikono. Usinicheke. Mtu ambaye hajakanyaga darasa hata siku moja akikuandikia kurasa zote hizi, ujue ana neno. Ningeliweza kulisema ningelisema jana tulipokuwa tunamenya viazi. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu ukaniuliza, "Bibi, unapiga miayo?" Nikasema ndiyo, usingizi.

Sikuandikii habari za masweta. Huko Mzuzu, Malawi, unakokwenda, wanasema kuna baridi kama yetu, na wewe umezaliwa kwenye baridi ya Mbeya. Habari za wanaume nilishakwambia, ulichosikia umesikia. Kula utakula, kusali utasali, ukiumwa utakwenda hospitali kama watu wengine. Hayo yapite.

Nikushukuru kwanza, maana nikishalisema neno lenyewe sijui kama utabaki na masikio ya shukrani. Asante kwa kunisomea namba za futi tangu macho yangu yalipoanza kuingia ukungu, tena unazisoma kwa sauti ya chini ili mteja asijue kwamba fundi haoni. Asante kwa yule bwana wa suti aliyesema anataka kuongea na fundi mwenyewe, nawe ukamjibu, "Unaongea naye, ni huyu mama mwenye vumbi kichwani, msalimie." Asante kwa kukataa kwenda kwa mama yako Makambako ulipokuwa darasa la tano, ukashika mguu wa benchi ukalia mpaka konda wa basi akachoka kusubiri. Nilijifanya nimekasirika siku ile. Nilikuwa na furaha ya kijinga, mwanangu. Nilikwenda nyuma ya choo nikacheka peke yangu.

Sasa nisikilize.

Habari ya Fundi Yotamu umekua nayo. Nilikulisha pamoja na uji. Lakini ile niliyokulisha ina mfupa ndani, na mfupa huo niliutia mimi.

Nilikuja hapa Mbeya, mtaa huu wa Soweto, kutoka kwetu Ipogolo, mjane mbichi, mama yako Neema mgongoni. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, Kihehe kikiingia katikati kila ninapokwama. Nilikuwa napika uji na kuupeleka kwa mafundi wa mtaa huu. Mafundi wengine walikunywa wakatupa kikombe chini. Fundi Yotamu alikunywa, akakisuuza kikombe, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikajiuliza, huyu ni mtu wa wapi?

Alikuwa mtu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Mrefu, mweusi tii, anayetembea kama anaogopa kumwamsha mtu. Useremala alifundishwa misheni huko kwao na Mzungu mmoja mzee, na yule Mzungu naye alitoka kwenye ukoo wa maseremala waliohama. Fundi alipenda kutusimulia wakati gundi inakauka. Babu wa yule mzee alipanda meli na sanduku la patasi, akaenda kwenye mji wa matajiri, nchi ambayo hata kuomba maji kwa lugha yake hakujua. Huko akawachongea wenye nyumba makabati yenye miguu ya simba, meza za kulia watu ishirini, vitanda vyenye nguzo na mapazia. Zamani hizo, enzi za mababu wa mababu. Nyumba zile aliingia kwa mlango wa jikoni, na akishalisimamisha kabati sebuleni anatokea mlango uleule wa jikoni.

"Kabati wanalikaribisha, amama," Fundi ananiambia, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Fundi anasubiri nje."

Halafu anacheka. Wala hakucheka kwa uchungu. Ndivyo na yeye alivyoingia nyumba zote kubwa za Mbeya.

Siku moja nikamkuta anapiga msasa mguu wa kiti, nikamwambia anaupiga kama anampapasa ng'ombe mkali. Akanitazama. Akanipa ule msasa. "Una mikono ya kukanda, amama. Shika." Nikashika, na sijauacha mpaka leo.

Mafundi wa jirani walimtania mpaka basi. "Yotamu, umeoa hadi karakanani?" Yeye anaendelea na randa yake, maranda yanajikunja. Siku moja tu aliwajibu. "Mke wangu yuko nyumbani anapika usipa. Huyu ni fundi, ila yeye mwenyewe bado hajaambiwa." Nilikwenda nyumbani nimebeba maneno yale kama nimebeba mayai.

Kusoma nako nilisomea pale. Kila mahali mbao mbili zinapokutana aliandika herufi kwa penseli, upande huu na upande ule, ili zisipotezane. A inatafuta A yake, B inatafuta B yake. Nilipomaliza kabati la kwanza nilikuwa nimefika H. Nilipomaliza kitanda cha padri nikawa nimezimaliza zote. Kama kuna mtu wa kushukuriwa kwa barua hii, ni yeye.

Na mke wake, Mama Wilisoni. Huyo sijawahi kukusimulia vizuri, na sasa utajua kwa nini. Nilikuwa namwachia Neema kutwa nzima. Alimbeba mgongoni pamoja na kazi zake, akamlisha kondowole, ule ugali wao wa muhogo unaovutika, na usipa, dagaa wa ziwani kwao. Mama yako alimwita yeye Mama kabla hajaniita mimi. Niliona wivu siku mbili, siku ya tatu nikashukuru, maana mikono yangu ilikuwa imejaa vanishi na mtoto wangu alikuwa ameshiba.

Hao ndio watu niliowafanyia ninachotaka kukuambia.

Kulikuwa na tajiri mmoja wa malori, nyumba yake iko Uzunguni, ile sehemu ya miti mirefu. Alitaka kabati la sebuleni. Akaja na picha iliyochanwa kwenye gazeti la kigeni, kabati la watu wa zamani huko Ulaya, milango miwili mirefu kuliko mimi, maua yamechongwa juu. "Nataka hili hili," akasema, "na mbao iwe mninga." Fundi alikaa na picha ile wiki nzima. Alilala nayo, nadhani. Alichonga yale maua mpaka unatamani kuyanusa.

Milango yenyewe unajua inavyotengenezwa, lakini nikuambie kama ambavyo mimi ningepaswa kuambiwa. Kuna fremu, na katikati ya fremu kuna ubao mpana. Ule ubao unakaa ndani ya mfereji mdogo pande zote nne. Haupigiliwi. Hautiwi gundi. Unaachwa huru, kwa sababu mbao haifi hata ukishaikata. Masika inanenepa, kiangazi inakonda. Ukiiacha huru inanenepa na kukonda bila mtu kujua.

Fundi aliniambia. Lakini aliniambia kwa namna yake, maneno mawili, akipita. "Huo uache." Na mimi sikuuliza kwa nini. Mtu asiyesoma huwa anaogopa swali kuliko nyoka, Atupele. Unadhani ukiuliza tu, watu wote wataona ujinga wako umesimama mlangoni. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa.

Akaenda Mafinga kutafuta mbao, siku nne. Mimi nikabaki na milango nipige msasa na vanishi. Nikainua mlango wa kushoto kuugeuza. Ubao wa katikati ukacheza. Gwa, gwa. Nikautikisa tena. Gwa, gwa, gwa. Nikasema, masikini Fundi, uzee umeshamfika, macho hayaoni tena. Kazi ya miezi mitatu halafu mlango unalia kama debe bovu! Nikamwona yule tajiri akiufungua mbele ya wageni, mlango unalia, wageni wanacheka, na Fundi wangu anaaibika. Sikukubali.

Nikachemsha gundi. Nikaimimina kwenye mfereji, pande zote nne, mlango wa kushoto na wa kulia. Nikabana kwa jiliwa, nikafuta iliyofurika kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikapaka vanishi juu mara tatu. Hata wewe usingeona. Nilipoutikisa ukanyamaza kimya. Nilijipongeza. Nikajipikia nyama siku ile.

Nilifanya kwa upendo, mwanangu. Ndilo linalonikera zaidi. Ningekuwa nimefanya kwa roho mbaya ningejua la kutubu.

Tajiri akatuma gari kabla Fundi hajarudi, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na posa ya binti yake na alitaka kabati liwepo. Fundi aliporudi akakuta limeshachukuliwa. "Vanishi ilikuwa imekauka?" akaniuliza. Nikamwambia imekauka. "Vizuri, amama." Basi.

Ilikuwa Julai, unaijua Julai ya huku, asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa baridi. Na yule tajiri alikuwa na mahali pa kuotea moto sebuleni, kama Wazungu. Kabati akalisimamisha hapohapo pembeni, liangaliwe. Moto ukawaka siku tatu mfululizo. Mbao ikaanza kukonda, ikataka kujivuta, ikakuta imeshikwa pande zote. Siku ya posa yenyewe, wakwe wamekaa, wazee wa pande zote mbili, mshenga ndiyo kwanza anafungua mdomo, ubao wa mlango ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Mlio wake, walisema, kama bunduki. Bibi mmoja wa upande wa wakwe akapiga yowe. Wakwe wakasimama. Wakasema hiyo si dalili ya nyumba ya kuoa, wakaondoka na mkaja wao.

Kesho yake asubuhi tajiri alikuja na gari, mlango uliopasuka umelala nyuma. Aliutupa pale nje, pale unapoanika mbao zako siku hizi.

"Wewe mtu wa kuja! Umeniuzia mbao mbichi, au umeniwekea dawa? Sema!"

Mtaa mzima ukaja kutazama. Wale waliokuwa wanamtania walikuwa mbele. Fundi akapiga goti, akapitisha kidole gumba kwenye ufa, taratibu, juu mpaka chini. Halafu akakipitisha pembeni, pale ubao unapoingia kwenye fremu. Akauliza bila kupandisha sauti:

"Nani alimalizia mlango huu?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, kitambaa cha vanishi mkononi. Hapo, Atupele. Hapo ndipo ningesema maneno matatu tu, mimi nilitia gundi, na dunia ingeendelea. Angenikaripia. Pengine angenifukuza. Nilimwona Neema, nikaona ndoo ya uji nikianza tena kuzunguka nayo, nikaona mafundi wakigongana mabega, "Si tulimwambia, mwanamke!" Nikasema:

"Mimi nilipaka vanishi tu. Mbao ilikuwa mbichi, Fundi. Nilikwambia."

Sikuwahi kumwambia. Mbao ile ilikauka miaka miwili chini ya paa lake mwenyewe.

Aliangalia mikono yangu. Uso hakuutazama. Mikono. Kisha akainuka, akajifuta magoti, akamwambia tajiri, "Kosa ni la karakana yangu, bwana. Nitakutengenezea mwingine."

"Karakana yako? Ya kwako wewe? Una kibali cha nani? Hilo tutaliuliza wanakohusika."

Na wewe sasa utajua maisha ya karatasi, mwanangu. Kuna karatasi ambayo haijagongwa muhuri, kuna iliyogongwa ikaisha muda, na kila mtu ni rafiki yako mpaka siku amekasirika. Fundi hakusubiri kuulizwa. Siku ya tatu walipanda lori la ndizi linalorudi Kyela, karibu na mpaka wa kwao, yeye, mke wake na watoto, na vyombo vilivyoweza kuingia katikati ya mikungu mitupu.

Randa ile ndefu, zile mbili fupi na patasi sita havikupata nafasi. Alivifunga kwenye gunia, akanipa. "Zitunze, amama. Nikipata pa kukaa nitaagiza mtu." Na Mama Wilisoni, ambaye alikuwa anabomoa nyumba yake kwa sababu ya mdomo wangu, alinishika mabega akaniachia kapu la usipa. Akasema mtoto asilale njaa.

Nikalipokea. Nikapika. Tukala.

Hakuagiza mtu. Mimi nami sikutafuta. Malori ya kwenda Malawi yanapita hapa juu barabarani kila siku iendayo kwa Mungu, na sikumpa dereva hata mmoja ujumbe. Nilijiambia hajulikani aliko. Kumbe sikutaka ajulikane. Karakana nikabaki nayo mimi, kwa randa zake. Nyumba hii, sare zako za shule, bati hili linalovuja, vyote vimepita chini ya randa ile. Na watu walipouliza mwenyewe yuko wapi, nikasema, alipasua kabati la mtu kwa mbao mbichi, akaondoka. Nilisema mpaka ikawa somo. Nilikufundisha wewe nalo. "Anika mbao, usije ukawa kama Fundi Yotamu." Ukiwa na miaka saba ulikuwa unawaambia watoto wenzako.

Miezi miwili iliyopita ukaweka picha ya kabati lako mtandaoni, ukaandika kwamba umefundishwa na bibi aliyefundishwa na Fundi Yotamu wa Malawi. Wilisoni akaiona akiwa huko Mzuzu. Ukasoma ujumbe wake kwa sauti, kwamba baba yake alifariki, kwamba yeye sasa ana karakana inayotengeneza samani za mahoteli na za majumba ya wakubwa, kwamba mwanafunzi wa mwanafunzi wa baba yake ni mtu wa nyumbani, aje afanye kazi. Uliruka ukavunja bakuli langu. Nilikukemea kwa sababu ya bakuli, na ndani nilikuwa nasema, Mungu wangu, anakwenda nyumbani kwao!

Hata hivyo ningenyamaza. Nisikudanganye. Nilipanga kunyamaza na kuzikwa nalo. Mpaka Alhamisi, tunakula, ukasema kwa kicheko, "Nikifika nitamtania Wilisoni. Nitamwambia, sisi wa Mbeya mbao tunaanika, hatupasui makabati ya watu kama mzee wenu." Nikarudisha tonge sahanini. Nikakuona umekaa kwenye mkeka wa Mama Wilisoni, unakula chakula chake, unamrudishia uongo wangu usoni kama utani. Na wewe hujui. Ungemchoma mjane wa watu kwa kisu changu.

Jumamosi ulipoingia kuoga nikachukua simu yako. Ndiyo, nilichukua. Nikabonyeza picha ya Wilisoni kama nilivyokuona unabonyeza.

"Atupele?" akaitikia.

"Bibi yake. Kaa chini kama umesimama."

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, sikupunguza gundi wala sikuongeza machozi. Kisha akauliza, "Baba alijua?"

"Sijui, mwanangu. Fundi kama yule akipitisha kidole kwenye fremu anaona gundi. Lakini hakusema. Sijui."

"Mimi nilikuwa mdogo," akasema. "Nakumbuka lori na harufu ya ndizi tu. Mwenye neno ni mama. Nitamwambia. Kuhusu binti, nyumba ni ya mama, subiri."

Siku mbili zile uliniuliza kwa nini naunguza mboga. Ndiyo hiyo sababu. Nilijua huenda nimekufungia mlango ambao umeusubiri maisha yako yote, na nimeufunga kwa kusema kweli, baada ya kula matunda ya uongo miaka yote hiyo. Nilitaka kumpigia tena nimwambie nimezeeka, nimechanganyikiwa, asahau. Haki ya Mungu, nilishika simu.

Akapiga mwenyewe Jumatatu, ukiwa umekwenda kununua begi. Akasema mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akakaa uani peke yake mpaka kuku wakaingia ndani. Asubuhi akampa jibu la kunifikishia, kwa maneno haya: "Mtoto alete patasi zake. Bibi yake alete mdomo wake."

Kwa hiyo wewe unakwenda, kazi ipo. Na mimi nakwenda.

Usiruke. Nimeshafikiri. Kitambulisho changu kipo, wanasema pale mpakani Kasumulu wanakuandikia kibali cha kuvuka. Nitasimama kwenye dirisha lao niombe ruhusa ya kuingia nchi ya watu, na wakinisimamisha kutwa nitasimama kutwa. Nikishasema nililokwenda kusema nitarudi. Sitakaa kukuchunga. Mama yako nilimchunga, nilimkazania benchi hili mpaka akakimbilia Makambako na hataki kunusa vanishi mpaka leo. Kwako nimejitahidi kutokaza. Pale nilipokaza unisamehe.

Jambo jingine. Nimefungua begi lako. Randa tatu na patasi sita za Fundi nimezitoa, nimezifunga kwenye kitenge changu kipya, nitazibeba mimi. Najua uliahidi kufanya kazi nazo. Najua kiganja chako kimezizoea kuliko changu sasa. Lakini alinipa nizitunze, hakunipa ziwe zangu, na mwenye kusema ziende wapi ni mke wake. Nimekuachia patasi zako nne ulizonunua mwenyewe na msumeno. Utaingia na kidogo. Yeye Fundi aliingia Mbeya na kidogo kuliko hicho.

Watakuita mtu wa kuja, hata wakikupenda. Kosa likitokea karakanani, macho yatakugeukia wewe kwanza. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni hiki tu, kwamba siku ukikosea, na utakosea, liseme likiwa bado la moto. Mimi langu lingeniuma siku moja. Nimeliacha, limekula nyumba ya mtu. Na ukiambiwa "huo uache", uliza kwa nini, uliza kwa sauti, uliza mbele ya watu wote wacheke. Wakimaliza kucheka watakujibu.

Nashukuru, Atupele. Namshukuru yule mzee aliyenirudishia kikombe kwa mikono miwili. Namshukuru mwanamke anayetaka kusikia kutoka mdomoni kwangu, maana angeweza kukataa hata kulisikia jina langu. Nakushukuru wewe kwa kutaka kwenda, usingetaka ningekufa na hili.

Nimemaliza, na daftari lako nimelimaliza pia. Nakuwekea juu ya begi. Ukishasoma, niko nyuma nachambua mboga. Usinipite kimya kama mtu aliyeona deni. Njoo uniambie usoni chochote ulichonacho, hata kama ni kibaya, nitakaa nisikilize. Halafu tushuke wote stendi kabla hawajafunga, tukakate tiketi ya pili. Viti viwe pamoja, na dirishani nakaa mimi.

Bibi yako,
Mama Neema